Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Isinya

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hukaririwa mno makanisani na katika viwanja vya shule kila gari la wageni linapoegeshwa chini ya mgunga, mizigo ikateremshwa na watoto wakapangwa mistari waimbe. Lakini aghalabu tunaielewa nusu. Methali haikusema kwamba mwenyeji atapona kwa sababu mgeni amekuja na mizigo. Imemtaja mwenyeji, na mwenyeji ni mtu mwenye nyumba na mwenye kauli, ajuaye kigoda kiko wapi na moto huwashwa wapi. Mwenyeji asiyeulizwa lolote nyumbani mwake amekwisha kugeuzwa mgeni, na hapo hakuna apataye kupona.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni moja. Kazi ya hisani ya shirika dogo la Kikristo, hasa lile linalotegemea washirika wa mbali na watu wa kujitolea, hudumu pale tu mwenyeji anapokuwa ndiye anayesema haja yake, anayepanga kazi na anayeshika hesabu. Pasipo hayo, huwa ni ziara tu, nayo ziara hupita. Nitaitumia Isinya kuwa mfano, kwa sababu pale mambo haya yote yanakutana barabarani.

Isinya iko kilomita zipatazo 60 kusini mwa Nairobi, katika barabara kuu iendayo Namanga, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Kiserian. Zamani msafiri aliyepita hapo aliona mbuga za Kaputiei, ng'ombe na swara, boma moja hapa na jingine kule. Leo anaona nyua za seng'enge, mashamba ya maua yaliyoezekwa plastiki, nyumba za kupangisha na vibao vya kuuza ploti. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta Kajiado na wakazi 687,312. Ile ya 2019 iliikuta na wakazi 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436. Mashamba ya pamoja ya wafugaji, yaliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1968, yalianza kugawanywa katika miaka ya themanini, na vipande vingi vikaishia mikononi mwa wanunuzi.

Kwa hiyo umaskini wa Isinya una nyuso mbili. Uko wa mfugaji aliyeangamiza ng'ombe katika ukame wa 2009, akajikusanya upya, kisha akapigwa tena na ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosekana au kupungua mno. Na uko wa kibarua aliyetoka mkoa mwingine kutafuta kazi, anayelala na watoto wake katika chumba kimoja cha mabati. Watoto wa hao wawili huketi dawati moja, mwalimu wao ni mmoja, na saa saba mchana njaa yao ni moja.

Hapo ndipo mashirika madogo ya Kikristo yanapoingia. Mengi ni kanisa moja, wafanyakazi wawili watatu, pikipiki na marafiki walioko Nairobi au ng'ambo. Yanapeleka unga na maharagwe, yanashona sare, yanagawa sodo na vitabu, yanaandaa kambi za matibabu, yanalipia mahitaji ya bweni na kuwafundisha watoto Neno siku ya Jumapili. Asitokee mtu akaidharau kazi hii. Ni kweli serikali iliondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, lakini haikuondoa njaa, wala umbali kati ya boma na shule, wala aibu ya msichana anayekaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa kipande cha pamba. Kila mwalimu wa Kajiado anajua kwamba mahudhurio hupanda chakula kinapopikwa na hushuka sufuria inapokuwa tupu.

Tatizo, basi, si kwamba misaada inakuja. Tatizo ni nani anayeipangia safari.

Tuitazame kalenda. Watu wa kujitolea kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini hufika kwa wingi Julai na Agosti, kwa kuwa hiyo ndiyo likizo yao. Kwetu, Julai ni mwezi wa kukamilisha muhula wa pili na mitihani yake, na mapema Agosti shule hufungwa. Mgeni anafika mwalimu akiwa amezama kazini. Anaomba darasa limpokee, wimbo unaimbwa, picha zinapigwa, na kipindi cha hisabati kimekwenda na maji. Januari, mzazi anapohangaikia sare na sanduku la bweni, mgeni hayupo. Oktoba, nyasi zimekwisha na mvua za vuli zingali zinangojwa, mgeni hayupo vilevile. Si kosa lake kuwa na likizo. Kosa ni letu sisi tunaokubali kuipanga kazi ya mwaka mzima tukiifuata likizo hiyo.

Tuzitazame pia hizo picha. Jicho la mgeni, tena na la Mkenya wa mjini vilevile, hutafuta shuka nyekundu na shanga. Mtoto wa kibarua, mwenye fulana iliyochakaa na Kiswahili cha mtaani, hana mvuto huo, na kwa hiyo ni rahisi apitwe na kalamu ya mwenye kuandika majina, ingawa naye hakuonja chakula tangu jana. Yule anayepigwa picha naye ana haki yake. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Uso wa mtoto mwenye njaa si tangazo la kuchangishia fedha. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na huenda siku moja akawa mwalimu katika shule ileile.

Kutenda mema bila kusikiliza si jambo jipya katika nchi ya Wamaasai. Ng'ambo ya mpaka, huko Loliondo, Tanzania, padri Mmarekani Vincent Donovan alimwandikia askofu wake barua mnamo Mei 1966. Misheni yake ilikuwa na shule na hospitali, na mapadri walikuwa wakizunguka bomani kwa gari. Hata hivyo aliona kwamba imani yenyewe haikuwa imezungumzwa kwa kina na wazee, na kwamba huduma zile zote hazikuwa zimezaa kanisa la watu wazima wa mahali pale. Akaomba ruhusa aende kwa wenyeji mikono mitupu, azungumze nao tu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978 anasimulia jinsi alivyotaka kuwabatiza wale tu waliohudhuria mafundisho kikamilifu, na mzee mmoja wa boma akamkatalia. Mzee alimweleza kwamba waliokuwa wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi, na kwamba jamii nzima imekuja pamoja. Padri akanyamaza, akakubali. Siku hiyo mwalimu alifundishwa. Hilo lisingetokea kama angekuja na ratiba ya siku kumi.

Hapa kwetu tuna mfano ulio karibu zaidi. Shule ya Msingi ya Wasichana ya AIC mjini Kajiado ilianzishwa na kanisa mwaka 1959. Katika miaka ya 1990 ilipata sifa kubwa chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, Mmaasai mwenyewe, kwa kuwapokea na kuwasomesha wasichana waliokuwa wakikimbia ndoa za mapema. Mwaka 1999 shirika la FAWE, lililoundwa 1992 na wanawake waliokuwa viongozi wa elimu barani Afrika, liliichagua shule hiyo kuwa mojawapo ya vituo vyake vya mfano. Zingatieni mfuatano wa mambo. Haja ilitambuliwa na mwalimu aliyezijua familia za wasichana wale na lugha yao. Kazi ikaanza. Washirika wakaja baadaye kuitia nguvu kazi waliyoikuta ikitembea. Hakuna aliyekuja kumfundisha mwalimu yule kwamba msichana wa Kimaasai ana shida.

Isinya yenyewe ina Kituo cha Mafunzo cha Wamaasai cha Kanisa la Kianglikana, ambacho jina lake tu ni funzo. Kimeitwa kituo cha mafunzo, hakikuitwa kituo cha ugawaji. Anayefunzwa kutunza mifugo yake au kazi ya mikono anarudi nyumbani na kitu ambacho ukame hauwezi kukimaliza kama umalizavyo gunia la unga.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote imo katika lugha ya wenyeji. Wamaasai wana neno osotua. Asili yake ni kamba ya kitovu, ile inayomuunganisha mtoto na mama yake, na maana yake ya pili ni uhusiano wa watu wawili wanaopeana wakati wa haja. Mtafiti wa Marekani Lee Cronk, aliyeishi na Wamaasai wa Mukogodo huko Laikipia, ameeleza kanuni zake vizuri. Mwenye osotua haombi ila ana haja, naye haombi zaidi ya haja yake. Mwenzake akiombwa hutoa, ikiwa ana uwezo bila kujiangamiza. Kinachotolewa si deni. Deni lina neno lake jingine, esile, na mambo hayo mawili hayachanganywi. Kwa hiyo osotua huanza kwa kinywa cha mwenye haja na wala si kwa mkono wa mwenye mali, na haimfanyi mpokeaji kuwa mdeni wala mtoaji kuwa bwana.

Sasa, wasomaji wangu, fungueni Biblia ya Kimaasai. Agano Jipya linaitwa Osotua Ng'ejuk. Watafsiri walipotafuta neno la agano kati ya Mungu na watu wake, hili ndilo walilolipata. Shirika la Kikristo linalofanya kazi Isinya halina haja basi ya kuagiza maana ya ushirikiano kutoka ng'ambo. Maana hiyo imeandikwa juu ya jalada la kitabu linachokisoma kila Jumapili.

Wapo watakaopinga. Watasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba shirika lenye pikipiki moja likianza kumwekea mfadhili masharti, mfadhili atakwenda kwingine. Huenda baadhi wakaenda. Lakini kuinama si kutambaa. Rafiki anayeondoka kwa sababu ameambiwa aje Januari badala ya Julai, au atume fedha za chakula cha shule badala ya nauli ya watu kumi na watano, alikuwa amekuja kujifurahisha nafsi yake. Wengi hawataondoka. Mtu mwema akielezwa ukweli kwa heshima hushukuru, kwa sababu naye hakutaka kutupa fedha zake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hatuna budi kulikabili. Wenyeji nao si malaika. Mwenyeji aweza kuwa mchungaji anayewapa waumini wake tu, au mwenyekiti anayejaza daftari majina ya wapwa na binamu, au mkubwa wa kijiji anayetaka gunia la kwanza liishie kwake. Hilo twalijua, na kulificha ni kuifuga nyoka. Ndiyo maana sisemi kauli apewe mtu mmoja. Osotua haina daftari kwa sababu wawili wale wanajuana. Shirika linapokea fedha za watu wasiojuana na wapokeaji, na kwa hiyo daftari ni lazima. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inadai uwazi wa hesabu. Lakini hesabu hizo zisitumwe ng'ambo tu kwa lugha ambayo mama wa Isinya haijui. Zibandikwe pia mlangoni mwa kanisa na katika ofisi ya shule, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, zionyeshe kilichoingia, kilichotoka, na kwa nani. Jina la mtoto lisiandikwe hapo, lakini idadi na kiasi viandikwe. Mwizi huchelea macho ya jirani kuliko barua ya mkaguzi.

Wengine watauliza: je, si afadhali tujenge makao, watoto wakusanywe pamoja, wageni wapate mahali pa kufikia? Hapana. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mpango wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia. Msichana anayekimbia ukeketaji au ndoa anahitaji kimbilio la haraka, na kimbilio hilo lazima liwepo. Lakini mtoto ambaye shida yake ni umaskini wa mama yake hatibiwi kwa kutenganishwa na mama yake. Ukimpa mama huyo mbuzi wanne, au mtaji wa kuuza maziwa, au chakula cha mtoto shuleni, umeijenga nyumba ambayo mtoto tayari anayo. Kasoro yake ni kwamba nyumba hiyo haina kibao cha kuandikwa jina la mfadhili.

Nini kifanyike basi?

Mosi, kila shirika liwe na kamati ya wenyeji iliyo na mwalimu, mama wa kanisa, mzee wa boma na mwakilishi wa wapangaji, na kamati hiyo ndiyo iandike mahitaji ya mwaka kabla mshirika yeyote hajaulizwa atatoa nini. Pili, ziara zifuate kalenda ya shule na ya mvua. Mgeni asiingie darasani katika kipindi cha masomo ila mwalimu amemwita kwa kazi maalumu, na mwenye ujuzi wa kweli, kama daktari wa meno au fundi wa pampu, amfundishe mwenyeji mmoja kazi ile kabla hajaondoka. Kisima ambacho hakuna mtu wa Isinya awezaye kukitengeneza kikiharibika ni shimo la gharama. Tatu, watu wa kujitolea wa kwanza wawe wa hapahapa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Kitengela na anangojea chuo aweza kuwasaidia watoto kusoma kila jioni kwa miezi minane, kwa lugha zao, bila tikiti ya ndege. Mpeni posho ya nauli na cheti. Nne, anayeahidi aahidi kidogo na kwa muda mrefu. Mlo mmoja kila siku ya shule kwa miaka mitatu unashinda karamu ya siku moja yenye fulana na puto.

Tukumbuke ule mfano wa Msamaria, ambao hakuna mwanafunzi wa dini asiyeujua. Tunamsifu msafiri aliyeshuka kwenye punda wake, na anastahili. Lakini humsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikuwa njiani, alikaa usiku mmoja, akaacha fedha, akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi, kisha akaenda zake. Aliyemuuguza majeruhi siku zilizofuata, aliyembadilishia vitambaa na kumpikia uji, ni mwenyeji. Msamaria alikuwa na busara ya kumwamini, na uaminifu wa kurudi. Hayo mawili ndiyo yanayotakiwa kwa mshirika. Isinya haimtaki alale kitandani mwa mgonjwa.

Nanyi walimu, msiikubali kazi ya kupanga watoto mistari pasipo kuuliza ziara imekuja kufanya nini. Ninyi ndio mnaojua ni mtoto gani amekuja bila kula na ni msichana gani ameanza kukosa Ijumaa, na ujuzi huo ni mtaji mkubwa kuliko gari lolote litakalopinda kutoka barabara ya Namanga. Nanyi wanafunzi, msijione kuwa watu wa kupokea tu. Yule wa darasa la juu anayemsomea hadithi mtoto wa darasa la kwanza naye ni mtu wa kujitolea, ingawa hakuna atakayempiga picha.

Mgeni na aje, akaribishwe kwa maziwa na kwa moyo mweupe. Lakini akishaketi, mwenyeji afungue kinywa aseme haja yake, kwa sababu hapo ndipo kupona kunapoanzia. Na wahenga hawakuishia kwenye kukaribisha. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tusiogope kumpa jembe, mradi sisi ndio tumuonyeshe shamba.